Saini ya Novemba: Kuahidi Chuo Kabla ya Kujua Gharama

 

Ifikapo Septemba na Oktoba, nyumba zenye kijana anayeomba kusoma shahada ya kwanza nchini Marekani hujaa shughuli. Ziko nyumba za namna hiyo Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Nairobi, na ziko za ndugu zetu waliohamia huko huko Marekani, ambao watoto wao wamesoma shule za huko tangu udogoni. Kijana huandika insha, hufuatilia barua za walimu, kisha siku moja humjia mzazi wake na fomu fupi na kumwambia, "Baba, hapa panahitaji saini yako, na tarehe ya mwisho ni keshokutwa." Baba akitazama huona jina la chuo mashuhuri, moyo ukafurahi, akatia saini.

Saini hiyo ndiyo mada yetu leo. Wazazi wengi hudhani wamethibitisha tu kwamba wana habari ya maombi ya mtoto wao. Kumbe, ikiwa kijana amechagua mlango fulani wa kuombea, mzazi amekwisha kuahidi kwamba chuo kile kikimkubali atakwenda hapo na si pengine. Na ameahidi hivyo kabla ya kujua atatakiwa kulipa kiasi gani.

Milango minne ya kuombea

Hapa Tanzania tumezoea utaratibu mwingine. Mwombaji huomba vyuo kadhaa, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja hutakiwa athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Ahadi huja mwishoni, baada ya mtu kuona alichopewa. Marekani nako kuna njia inayofanana na hiyo, lakini zipo na nyingine ambazo tunapaswa kuzitenganisha vizuri.

Mlango wa kwanza ni wa kawaida. Maombi hupelekwa aghalabu mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka kuelekea mwisho wa Machi, na aliyekubaliwa hupewa kwa desturi mpaka tarehe 1 Mei kutoa uamuzi. Katika wiki hizo familia huziweka barua zote mezani, ikalinganisha ada na msaada wa fedha wa kila chuo, kisha ikachagua.

Mlango wa pili ni uamuzi wa mapema, ambao kwenye fomu utaukuta kwa jina la Early Decision. Maombi hupelekwa mwanzoni au katikati ya Novemba, na jibu huja katikati ya Desemba. Kijana haruhusiwi kuomba zaidi ya chuo kimoja kwa njia hii. Akikubaliwa, hutakiwa kuyaondoa maombi yake yote mengine na kulipa amana ya kushika nafasi.

Mlango wa tatu ni awamu ya pili ya uamuzi huo huo wa mapema. Maombi hupelekwa Januari na jibu hutoka Februari. Tarehe zimesogea, lakini ahadi ni ileile: ukikubaliwa, umefungwa. University of Chicago, Vanderbilt, Tufts na Bowdoin ni miongoni mwa vyuo vyenye awamu hii. Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth na University of Pennsylvania vina awamu ya Novemba pekee.

Mlango wa nne huitwa Early Action. Hapa kijana hupeleka maombi mapema na kupata jibu mapema, lakini hafungwi. Hubaki na hiari yake mpaka Mei. MIT hutumia njia hii. Harvard, Yale, Princeton na Stanford nao hawamfungi mwombaji, ila humwekea sharti kwamba asiombe mapema katika vyuo vingine binafsi vya Marekani kwa wakati huo huo.

Kwa hiyo neno "mapema" lisituchanganye. Swali la kwanza ambalo mzazi anapaswa kumwuliza mtoto wake si tarehe ya mwisho ni lini. Ni hili: mlango huu unafunga au haufungi?

Kwa nini vyuo hupenda kufunga

Chuo kinachotoa nafasi elfu mbili hakina hakika kwamba watakuja wanafunzi elfu mbili, kwa sababu wengi watakuwa wamekubaliwa na kwingine. Anayeomba kwa uamuzi wa mapema hukiondolea chuo wasiwasi huo; akikubaliwa atakuja. Ndiyo maana vyuo vingi humtazama kwa jicho la upole zaidi. Mwaka 2003 watafiti watatu, Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser, walichapisha kitabu juu ya jambo hili. Waliona kwamba katika vyuo vyenye ushindani mkubwa, kuomba mapema kulimsaidia mwombaji kwa kiasi kinacholingana na kujiongezea takriban alama 100 katika mtihani wa SAT. Hiyo si faida ya kudharauliwa, na si haki kumlaumu kijana anayeitamani.

Hata hivyo, asilimia za waliokubaliwa mapema zinazotangazwa na vyuo zisomwe kwa tahadhari. Ndani yake wamo wanamichezo ambao makocha walikwisha kuwachagua, na wamo watoto wa waliowahi kusoma hapo. Kijana asiye katika makundi hayo asidhani kwamba asilimia ile yote ni yake.

Tena faida hiyo haigawanywi sawa. Anayeweza kuahidi bila kuuliza ada ni yule ambaye ada kwake si tatizo. Mwaka 2006 chuo cha Harvard kilitangaza kuacha maombi ya mapema, kikisema kwamba utaratibu huo huwapendelea walio na uwezo. Princeton na University of Virginia vikafuata. Mwaka 2011 vyote vitatu viliyarudisha. Basi familia ya kipato cha kati au cha chini ijue tangu mwanzo kwamba inaingia katika uwanja ambao haukuchorwa kwa ajili yake, na ihesabu hatua zake.

Ahadi isiyo na mahakama

Fomu ya uamuzi wa mapema hutiwa saini na watu watatu: kijana, mzazi au mlezi, na mshauri wa shule. Wapo wanaosema kwamba fomu hiyo haina nguvu, kwa kuwa hakuna askari atakayemkamata kijana aliyekwenda chuo kingine. Ni kweli kwamba chuo hakina desturi ya kumfikisha mtu mahakamani kwa jambo hilo. Lakini chuo kinaweza kuvijulisha vyuo vingine jina la aliyefungwa, na vyuo hivyo vikafuta nafasi walizompa. Shule nayo inaweza kukataa kutuma matokeo yake kwingine, na mwaka unaofuata wadogo zake wakatazamwa kwa shaka kwa sababu ya mwenzao aliyevunja ahadi.

Ama kwetu sisi Waislamu, hoja haiishii hapo. Sura ya Al-Maida inafunguliwa kwa amri kwa walioamini kwamba watimize mikataba yao. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kuvunja ahadi ni miongoni mwa alama za unafiki. Ahadi ambayo hakuna mahakama ya kuisimamia haiwi nyepesi kwa sababu hiyo, imeachiwa uaminifu wa mtu, na Allah (s.w.) ndiye shahidi wake. Mzazi anayemwambia mwanawe, "Tia saini tu, tutajua mbele ya safari," amemfundisha somo moja kabla hajafika chuoni, nalo ni kwamba neno la Muislamu lina mlango wa nyuma.

Upo mlango mmoja wa kutokea ulio halali, na umo ndani ya masharti yenyewe. Ikiwa chuo kimemkubali kijana lakini msaada wa fedha kilioutoa hauiwezeshi familia kulipa, familia inaweza kuomba kufunguliwa. Huko si kuvunja ahadi, kwa kuwa pande zote mbili zililikubali sharti hilo tangu mwanzo. Lakini anayeomba kufunguliwa kwa haki ni yule aliyeomba msaada wa fedha kwa wakati, akapeleka nyaraka zake kwa ukweli, akapewa jibu, akazungumza na ofisi ya fedha ya chuo akiomba waangalie upya, na bado hesabu ikakataa. Yule aliyetia saini huku amekusudia kuutumia mlango huo ikiwa atapata chuo anachokipenda zaidi, amedanganya tangu siku ya kwanza, hata kama hesabu zake zitakubaliwa.

Fedha na jambo la riba

Hapa ndipo familia ya Kiislamu inapotofautiana na majirani zake. Familia nyingine ikikuta pengo la dola elfu kumi kwa mwaka, huliziba kwa mkopo wa benki au wa serikali. Mikopo ya wanafunzi inayotolewa na serikali ya Marekani ina riba, na ya mabenki ina riba zaidi. Kwa hiyo msaada ambao kwa jirani unatosha, kwetu huenda hautoshi, kwa sababu sehemu yake ni mkopo ambao hatuwezi kuugusa. Na barua ya chuo aghalabu huandika ruzuku na mkopo katika jedwali moja, na chini yake ikaweka jumla. Mzazi asitazame jumla. Asome mstari kwa mstari, atenge kile ambacho hakirudishwi na kile ambacho kitarudishwa na nyongeza.

Familia iliyo katika utaratibu wa kawaida ina nafasi ya kuzilinganisha barua nne au tano na kuchagua ile isiyo na mkopo. Iliyotia saini Novemba inapata barua moja tu. Hasara kubwa ya uamuzi wa mapema kwetu ni hiyo.

Lakini si kila familia imo gizani. Tangu Oktoba 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuweka katika tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Neno kikokotoo limewachosha wastaafu wetu, lakini hiki kina manufaa. Mzazi huingiza kipato, idadi ya watoto na mali aliyonayo, nacho humpa makadirio ya kiasi atakachobaki kulipa baada ya ruzuku. Vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Aliye nje ya Marekani aandikie ofisi ya fedha ya chuo, aulize kama wanaweza kumpa makadirio kabla ya Novemba. Baadhi ya vyuo hufanya hivyo. Jibu lao lihifadhiwe.

Ziko pia tofauti kati ya chuo na chuo ambazo zinaweza kuokoa nyumba. Princeton iliondoa mikopo katika msaada wake mwaka 2001, ikaweka ruzuku mahali pake, na vyuo kadhaa tajiri vikafuata mwendo huo. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwa vichache ambavyo hata kwa mwombaji wa kigeni havitazami uwezo wake wa kulipa wakati wa kuamua kumkubali, na vikimkubali hugharamia pengo lake lote kwa kadiri vinavyolihesabu vyenyewe. Zingatia kwamba vinne vya kwanza havimfungi mtu hata akiomba mapema. Katika vyuo vingine vingi, mgeni anayeomba msaada hupimwa pamoja na gharama yake, na fungu la wageni ni dogo. Huko kijana aliyeshikamana na chuo kimoja kwa moyo wote anaweza kunufaika kwa kufika mapema, maadamu makadirio ya fedha ameyaona.

Na tuwe wakweli katika nyaraka. Mwenye duka asiyeandika hesabu zake aanze kuziandika sasa. Mwenye nyumba ya kupangisha aitaje. Ruzuku iliyopatikana kwa kuficha mali si rizki ya kumsomeshea mtoto.

Tuchukue mfano

Tuseme yuko binti, tumwite Salma, mwenye matokeo mazuri, ambaye baba yake ana kipato cha wastani na wadogo zake watatu bado wanasoma. Anavipenda vyuo viwili. Kimoja kinafunga, na makadirio yanaonyesha kwamba familia ingebakiwa na dola elfu kumi na mbili kwa mwaka. Uwezo wa baba, kwa hesabu ya ukweli, ni elfu tano. Cha pili hakifungi na kina historia ya ruzuku kubwa. Salma asifungwe na cha kwanza mwezi Novemba, hata kama nafasi ya kukubaliwa ingeongezeka. Apeleke ombi lisilofunga katika cha pili, na kile cha kwanza akiombe kwa utaratibu wa kawaida. Kikimpa ruzuku kuliko ilivyokadiriwa, itakuwa kheri. Kisipompa, hajamvunjia mtu ahadi wala hajamtia baba yake katika deni la riba.

Tubadilishe mfano. Makadirio yanasema elfu nne, yote mengine ni ruzuku isiyo na mkopo, na Salma amekichunguza chuo hicho kwa mwaka mzima na hana kingine anachokipenda zaidi. Hapo saini ya Novemba ni halali na ni busara. Mzazi asimzuie kwa hofu tu.

Na ikiwa mambo hayo yote yako sawa ila matokeo ya mtihani mmoja bado, au insha haijaiva, basi awamu ya pili ya Januari ndiyo yake, kama chuo kinayo. Awamu hiyo humfaa pia aliyekataliwa Desemba na chuo kingine. Lakini aliyekataliwa asiikimbilie kwa sababu ya maumivu ya kukataliwa. Masharti ya fedha ni yaleyale. Kwa ajili hiyo kijana yeyote anayeomba mapema aandae maombi mengine kabla ya jibu kutoka. Akingoja katikati ya Desemba, atabaki na wiki mbili au tatu tu za kuandika insha zote.

Kwa walio Afrika Mashariki kuna mambo mawili zaidi. La kwanza ni kalenda. Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya huwa ndani ya chumba cha mtihani wa taifa mwezi huo huo wa Novemba. Kumbebesha maombi ya mapema wakati huo ni kumtwika mizigo miwili kwa kichwa kimoja. La pili ni viza. Mwezi Juni 2025 serikali ya Marekani iliwawekea raia wa nchi kadhaa vikwazo vya kuingia, na kwa Burundi vilihusu hata viza za wanafunzi. Mambo ya namna hiyo hubadilika. Kabla ya kutia saini, familia iangalie hali ya pasipoti ya kijana ilivyo mwaka huo, na iwe na chuo kingine nje ya Marekani ambacho ombi lake halikatazwi na masharti.

Mashauriano, kisha istikhara

Qur'ani imewasifu waumini kwa kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Basi yafanyike mashauriano ya kweli, Septemba na si usiku wa mwisho. Baba na mama wamweleze kijana uwezo wao kwa tarakimu, hata kama wanaona haya. Vijana wengi huchagua vibaya kwa sababu hawajui nyumbani kuna nini. Kijana naye asikilizwe anataka kusoma nini, na kama msikiti na chakula cha halali vipo karibu na anakokwenda. Mzazi asimfunge mtoto na chuo kwa sababu jina lake litapendeza likitajwa harusini.

Baada ya hayo ndipo istikhara. Tumepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yao: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua ya kumwomba Allah achague lenye kheri. Kijana aiswali mwenyewe, kwa kuwa safari ni yake. Wala asisubiri ndoto. Achunguze, ashauriane, aswali, kisha aendelee. Jambo likiwa na kheri litamfungukia, na likiwa na shari litaondolewa kwake. Istikhara haishiki nafasi ya kikokotoo, na kikokotoo hakishiki nafasi ya istikhara.

Ikifika siku ya saini, mzazi aisome fomu yote mpaka chini, akiwa na kijana pembeni yake. Kisha ajiulize mambo matatu. Je, tumeona makadirio ya gharama kwa maandishi? Je, tunaweza kuilipa miaka yote minne bila riba? Je, kijana akiletewa kesho barua ya chuo kingine chenye jina kubwa zaidi, ataridhika kubaki hapa? Akijibu ndiyo mara tatu, aseme Bismillahi atie saini. Likikosekana jibu moja, airudishe kalamu mezani bila huzuni. Mlango wa Januari bado uko wazi, na rizki ya mtoto wake haikuandikwa Novemba.

Wallahu a'lam.